Krimu za miti na ngozi kavu msimu huu wa kusi

Kusi lishaanza kuvuma na huku kwetu Jambiani ndo ngozi zinapauka, miguu inatoa unga, ukijikuna unabaki mstari mweupe, na kila mtu ana dawa yake ya miti ya kukwambia. Mie nasema kitu kuandikwa "asili" kwenye kopo haina maana ngozi iliyochubuka itakipokea, na naona watu wanaumia jamani.

Mfano mafuta ya karafuu. Nayapenda, ni fahari ya Pemba, lakini yamejaa eujenoli, ile ile inayotia ganzi jino likiuma, sasa ukiipaka tupu kwenye ngozi yenye mipasuko inaunguza. Mafuta ya mdalasini na ya mchaichai hivyo hivyo. Krimu ikinukia sana mie naiacha dukani.

Ngozi kavu imepungukiwa na mafuta yake yanayozuia maji yasitoke, kwa hiyo inataka kitu cha kushika maji na kingine cha kuyafunika. Kushika kuna glisirini, ute wa mshubiri (aloe vera), hata ute wa mwani. Kufunika kuna mafuta ya nazi au siagi ya shea.

Halati yangu analima mwani, bamvua likifika, maji yakikupwa sana, anashinda kwenye maji ya chumvi anafunga vitawi kwenye kamba, vidole vinampasuka pembeni ya kucha mpaka chumvi inamchoma. Akirudi anaosha mikono kwa maji baridi, haikaushi, anaifuta juu juu tu na hapo hapo anapaka mafuta ya nazi kabla unyevu haujaondoka, na usiku anarudia tena halafu analala kavaa soksi mikononi. Mafuta hayo hayo ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa hayasaidii hivyo.

Mshubiri nao una adabu zake, ukikata jani lisimamishe kwanza lichuruzike yale maji ya njano maana yanawasha, ndo umenye utoe ute mweupe. Jaribu kidogo ndani ya kiwiko usubiri mpaka kesho. Mtoto mwenye ukurutu unaotoa majimaji mpelekeni hospitali, msimpake kitu.

Na krimu ya nyumbani yenye ute wa mshubiri haikai, tengeneza kidogo uweke kwenye friji, ikibadilika harufu mwaga.