Radiani ilinitesa mwaka mzima, baiskeli ya ami ndo ilonitoa

Nasema mapema, yule aloniambia "wewe kariri tu fomula, kuelewa kutakuja" kanipotezea mwaka. Fomula ya radiani, kipimo cha pembe, nilikuwa nayo kichwani, s (urefu wa safari ya ukingo) sawasawa na r (nusu kipenyo) mara thita, naiimba hata naota, lakini ukiniuliza hiyo thita kitu gani mie natazama dari.

Siku moja tuisheni huku Wete tukapewa gurudumu la nusu kipenyo sm 35, limezunguka robo, limesogea kiasi gani. Mie huyo mbio, robo ni digrii 90, mara 35, nikapata 3150, yaani mita 31 na nusu. Robo mzunguko! Kwa hesabu yangu ukikanyaga pedeli mara mbili tatu ushapita soko unaelekea kutumbukia bandarini. Jibu likasomwa kwa sauti darasa zima, na jina la Mita Thalathini ninalo mpaka leo.

Jioni nikaichukua baiskeli ya ami bila ruhusa nikaipindua uani. Nikapima toka katikati ya habu mpaka ukingo wa tairi, sm 35 vilevile, nikakata uzi wa urefu huo huo, sasa nataka kujua unaingia mara ngapi kuzunguka tairi zima. Kumbe niliyokata ni lastiki ya sketi ya dada, nikiulaza naivuta kidogo ikae vizuri, nikapata tano na kitu, nikakaa pale najiona nimegundua jambo hakuna mtu duniani kalijua. Mpaka dada akaja kutafuta lastiki yake. Nikarudia kwa kamba ya usumba, hiyo haivutiki, zikaingia sita na pakabaki kama sm 10 hivi. Sita nukta ishirini na nane! Pai mara mbili yenyewe, iko pale kwenye tairi lenye tope.

Basi kumbe radiani ni hiyo tu, ile pembe unayoipata ukilaza kamba moja ya nusu kipenyo juu ya ukingo, kama digrii 57. Thita ndo hiyo pembe, na fomula inaitaka kwa kamba ngapi, mie nailisha digrii. Robo ni kamba 1.57, mara 35, sm 55. Nikatia chaki kwenye tairi nikaisukuma barazani, futi ikasoma sm 55 na nukta kidogo, nikapiga ukelele.

Nikaipindua tena baiskeli, mdogo wangu akaja upande wa pili tukaanza kugombana. Mie naona gurudumu linakwenda kama saa, yeye anaapa linakwenda kinyume. Bibi akauliza kutoka jikoni, "Nyie mnagombania gurudumu lilopinduliwa haliendi popote?" Na sote tulikuwa sawa wallahi, inategemea umekaa upande gani, ndo maana lazima mkubaliane kwanza, kawaida kinyume cha saa ni chanya, kama saa ni hasi. Tena nikalizungusha mbili mbele moja na nusu nyuma nikamuuliza limehama pembe gani, akasema tatu na nusu. Hizo ni jumla ya mizunguko bwana, kuhama kwenyewe ni nusu tu, radiani 3.14. Nimfunge nani kama si yeye.

Jaribuni na hili, fungeni nyuzi mbili kwenye spoku moja, mmoja karibu na habu mmoja karibu na ringi. Pembe zote sawa lakini wa nje unasafiri zaidi. Na kalkuleta iangalieni imekaa digrii au radiani kabla ya kunilaumu.

Mtihani ukaja na gurudumu la kipenyo sm 60, limezunguka radiani 20. Wenzangu wanahangaika kugeuza digrii, mie mstari mmoja tu, mita 12, nikapigia mistari miwili chini kwa kalamu nzito. Kipenyo, si nusu kipenyo. Jibu lilikuwa mita 6.