Siku ya 61: msumari umevaa shaba

Jioni nilitumbukiza msumari wa inchi tatu ndani ya chupa ya nne, na kabla ugali haujaiva ulikuwa umeshavaa koti jekundu. Ni shaba! Imetoka kwenye bodi za simu zilizokufa, nilizopewa bure na fundi wa Kondele, hapa Kisumu, na walioitoa ni bakteria niliowachota kwenye dimbwi la maji ya kutu, kando ya lundo la mchanga wa mgodi wa zamani wa Macalder kule Migori. Nilimpigia shemeji kumwambia, akauliza ni ya shilingi ngapi. Tuyaache hayo.

Chupa tatu za kwanza zilikufa, na zote kwa namna moja. Waliowahi kufuga Acidithiobacillus, hawa bakteria wapenda asidi wanaokula chuma, wanajua inavyokuwa: maji ya kijani hafifu yanageuka strungi ndani ya siku chache, unafurahi, unatia unga wa bodi. Siku mbili baadaye strungi imepauka, tope la njano limetua chini, na usubiri usubirivyo, rangi hairudi. Unga wa bodi unakunywa asidi. Asidi ikipungua, chuma cha feriki (ndicho chenye ile rangi ya strungi) kinaganda kuwa jarositi, lile tope la njano, na feriki ndiyo inayoing'ata shaba. Bakteria kazi yao ni kuirudisha kila inapotumika. Ikishakuwa tope, hawana cha kurudisha.

Hayo niliyajua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana nina hasira. Nilikuwa napima kila asubuhi! Karatasi ya pH, ya kupimia asidi, ilisema 2, kila siku 2, nami nikaiamini. Basi nikalaumu klorini ya maji ya bomba, nikahamia maji ya mvua. Nikalaumu mbolea ya SA (salfeti ya amonia) niliyowalisha bakteria. Nikalaumu pampu ya hewa, nikanunua nyingine. Siku moja nililaumu hata baridi, Kisumu hii hii. Wiki tano zikaenda hivyo, mpaka jirani yangu, mwalimu wa kemia, aliponiazima mita yake. Chupa ya tatu: 2.9, yaani asidi ilikuwa imepungua sana. Ile karatasi ilikuwa inapakwa rangi na chuma chenyewe. Nilikuwa nasoma rangi ya kutu nikidhani nasoma asidi.

Kwa hiyo ushauri wangu, hata kama hujauomba: karatasi za pH waachie watengeneza sabuni. Nunua mita kabla ya pampu, na usiache kichwa chake kikakauka.

Chupa ya nne ilikwenda hivi. Unga niliuloweka kwanza usiku kucha, nje ya nyumba, katika asidi ya betri iliyozimuliwa, mpaka mapovu yakaisha, kisha nikausuuza. (Maji hayo hayamwagwi mtaroni, yana masalia ya lehemu, yako kwenye jerikeni yanangoja chokaa.) Bakteria nilisubiri wawe strungi nzito ndipo nikawapa unga, gramu 5 tu kwa lita, na 5 nyingine baada ya siku tatu. Kila asubuhi ni mita mkononi na matone ya asidi, kuishikilia 1.8. Mwishowe nikazima pampu siku mbili ili shaba iliyobaki imalize feriki, maana ukiharakisha, feriki inatafuna msumari bure na huambulii kitu.

Mpango wangu ulikuwa nikishapata shaba nihamie dhahabu, kwa bakteria wengine, Chromobacterium violaceum. Nimeufuta. Bakteria hao wanaitoa dhahabu kwa kutengeneza sianidi, sumu kali, na nyumba hii ina watoto wanaofungua kila kifuniko.

Halafu kuna ule mchanga. Nilipokwenda kuchota maji nilirudi na nusu gunia la mchanga wenyewe, likakaa chini ya meza miezi miwili nikilipiga teke kila nikipita. Jana ndipo nilipoona upumbavu wangu: hawa bakteria nimewatoa kwenye chakula chao nikawaleta kwenye plastiki. Macalder ilichimbwa shaba mpaka miaka ya 1960, na mabaki yake yana salfaidi, yaani madini ya metali na salfa, ambazo bakteria wakizila wanazalisha asidi wao wenyewe. Labda hata asidi ya betri nitaipunguza. Bomba la PVC la futi tatu, la kuujaza mchanga huo, nimeshalikata, na ile pampu niliyoilaumu bure imepata kazi ya kuzungusha hewa chini yake. Shaba ya kwenye msumari bado sijaipima.