Mbayuwayu ametua: mara ya 23, kusi ubavuni

Jumapili saa kumi na nusu jioni Mbayuwayu, ndege yangu ndogo ya rimoti niliyoiunda mwenyewe, alitua huku upepo wa kusi ukimpiga ubavuni. Alikimbia kwa magurudumu hatua kama kumi na tano, akasimama katikati ya njia, bawa zima, propela nzima. Nilipiga kelele hadi watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakaja mbio kuuliza nani kaumia.

Mara 22 zilizotangulia ziliishia mchangani, vichakani au juu ya mkorosho.

Njia yetu ni kipande cha barabara ya changarawe ndani ya shamba la mikorosho, kabla ya kufika Mikindani. Upana ni hatua tano, nayo imelala kaskazini-kusini. Kusi inatoka kusini-mashariki, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba hatuupati upepo wa usoni moja kwa moja hata tufanyeje, unakuja mshazari. Uwanja mkubwa wa Mtwara nao umelala vivyo hivyo. Nimekaa jioni nyingi nje ya uzio nikizitazama Q400, ndege za abiria za propela, zikija mshazari, pua imegeukia upepo na mwili unakwenda njiani, mpaka karibu kabisa na lami ndipo rubani anainyoosha. Zinafanya ionekane rahisi. Lakini piga hesabu. Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne, inakuja kutua kwa maili za baharini kama 65 kwa saa, na upepo wa ubavuni wa 15, ule ulioandikwa kwenye kitabu chake, unailazimisha kugeuza pua nyuzi 13 tu. Mbayuwayu ana kilo moja na robo, anakuja kwa mita 9 kwa sekunde. Kusi ya kawaida ya saa kumi, mita 5.5, inampa mita 4 za ubavuni. Hizo ni nyuzi 26, mara mbili ya Cessna, kwa upepo ambao hauwezi hata kuangua embe.

Mara tisa za mwanzo kosa lilikuwa la mabawa. Niliyainua mno, kama herufi V, na hayakuwa na eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoilaza ndege upande. Kila nikimnyoosha kwa usukani wa mkiani, upepo uliingia chini ya bawa la joshini, la upande unakotoka upepo, ukalinyanyua, na la demani, la upande wa pili, likachimba mchanga. Nikalikata bawa, nikalilaza, nikaweka eleroni. Hilo likaisha.

Kilichonitesa ni kuanzia mara ya 10 hadi ya 22. Nilikuwa nafanya yote yanayotakiwa: usukani kulia kunyoosha pua, eleroni kushoto kulizuia bawa la joshini lisiinuke. Pua ikawa hainyooki. Anagusa chini akiwa bado mshazari, magurudumu yanamvuta upande wa upepo, anazunguka, bawa la demani linajipiga chini. Nikasema usukani mdogo, nikauongeza sentimita mbili. Nikasema sevo, kimota kinachouvuta usukani, ni dhaifu, nikanunua yenye gia za chuma. Nikalaumu gurudumu la mkia. Wiki nzima nikawa nayapinda magurudumu ya mbele, mara ndani kidogo, mara nje kidogo, napima kwa uzi na rula hadi usiku. Wiki nzima!

Aliyeliona ni mjomba, ambaye ameshika usukani wa ngalawa miaka yangu yote na zaidi. Alinikuta barazani nikijaribu sevo. Akatazama, kisha akauliza, "Mpwa wangu, mbona ukigusa bawa na usukani nao unakwenda?"

Nikatazama. Kweli. Machi, wakati wa kaskazi ya mwisho, niliweka mpangilio kwenye rimoti ili eleroni iuvute usukani kwa asilimia 40, kona zitoke nzuri. Nikausahau. Kila nilipolaza eleroni yote kushoto, rimoti ilipeleka usukani asilimia 40 kushoto, wakati mimi natoa 60 kulia. Mkiani ilifika 20. Miezi mitatu nimepigana na mkono wangu mwenyewe. Niliiweka rimoti chini nikatoka nje, sikutaka kusema na mtu.

Mjomba akaniambia kwenye ngalawa kusi ikikaza mtu anapanda mrengu, ule mti wa ubavuni, wa joshini kuukandamiza, na mwenye usukani haangalii mtu yule anafanya nini, anaangalia njia yake. Nikaufuta ule mpangilio wote. Jumapili nikamleta Mbayuwayu mshazari hadi kimo cha goti, usukani kulia, eleroni kushoto, na pua ikaja. Ikaja kama mlango uliotiwa mafuta. Gurudumu la joshini likagusa kwanza, kisha la demani, kisha mkia, na eleroni sikuiachia hadi aliposimama.

Kuhusu vifaa, acheni kutumia supa gluu kwenye foma ya maboksi ya samaki, inaila. Gundi ya mbao inachelewa kukauka lakini inashika. Spoki za baiskeli bado hazina mpinzani kwa kuunganisha sevo na usukani. Na kipima upepo nilichonunua nimekiweka kabatini. Kinasema upepo wa pale nilipokishika tu, wakati kipande cha kanga juu ya mti wa mwanzi na kingine chini ya mikorosho vinanionyesha mahali upepo unapovunjika. Ni pale pale anapotikisika.

Mpango ulikuwa kuweka flapu, vibao vya nyuma ya bawa vya kutua polepole, mwezi huu, na kurudia kutua huku mara kumi ili nijue si bahati. Lakini jana nilisimama Mikindani nikaitazama ghuba ilivyotulia, maji hayana kaskazini wala kusini, unatua popote upepo ulipo. Maboya ya kuweka badala ya magurudumu yanaweza kukatwa kwenye foma hiyo hiyo, na chini yake nikabandika soli za kandambili zinazoletwa na maji ufukweni. Flapu zitasubiri. Boya la kushoto limeshakatwa, gramu 48.