Mzizi wa munkoyo: joto ndilo la kuangalia

Munkoyo wa Lubumbashi, kinywaji cha uji wa mahindi uliochachuka, hauhitaji kimea. Kazi yote inafanywa na mzizi unaochimbwa katika pori la miombo, wa mimea ya jamii ya kunde kama Eminia na Rhynchosia. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi kuwa sukari.

Kwa lita 10 za maji, pika uji wa kilo moja na nusu ya unga wa mahindi, uive saa nzima. Mizizi gramu 200 hivi: osha udongo wote, ponda kwenye kinu mpaka ibaki nyuzinyuzi kama kamba iliyofumuka.

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukitia mizizi uji ukichemka, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki mzito hata ungoje mpaka kesho. Ukiwa umepoa kabisa, kazi inakwenda polepole mno na uchachu unatangulia utamu. Lenga nyuzi joto 60: mvuke umepungua, lakini sufuria bado inaunguza ukiishika. Koroga vizuri, na uji utalegea mbele ya macho yako, jambo zuri sana kulitazama. Funika usiku mmoja, chuja asubuhi.

Siku ya kwanza ni tamu, hata watoto wanakunywa. Ukizidi kukaa pombe inaingia. Ndoo hiyo si yao tena.

Mizizi yenye ukungu itupwe. Usichimbe kama huujui mmea: mizizi ya porini hufanana, na mingine ni sumu.