Risasi ikishika pini mbili

Kijana anayejifunza kazi kibandani kwangu, hapa Mbuyuni, Moshi, akiona risasi ya kulehemu imeunganisha pini mbili za aisi, yaani miguu ya kile kipande cheusi chenye saketi ndani, mkono unakimbilia kisu. Weka chini, mdogo wangu, hicho ni cha nyanya! Ukikwangua unang'oa njia ya shaba, na shoti ndogo inageuka kazi ya siku nzima.

Mimi naanza na flaksi, dawa inayosafisha chuma ili risasi itiririke vizuri. Mara nyingi risasi inanata pini kwa pini kwa sababu flaksi ya kwanza imeshaungua. Paka mpya, futa ncha ya pasi ya kulehemu kwenye sponji mpaka ing'ae, kisha iburute taratibu kutoka mwilini mwa aisi kuja nje. Utaona risasi inatetemeka, inameremeta, halafu inagawanyika yenyewe. Ziada inapanda kwenye ncha.

Ikigoma, utambi wa shaba, ule uliosukwa wa kunyonya risasi. Ulaze juu ya risasi, gandamiza na pasi, ukigeuka rangi ya fedha inua vyote pamoja. Ukitangulia kutoa pasi, utambi unaganda na ukiuvuta unaondoka na pini.

Bodi nyingi mpya zimechomelewa kwa bati lenye fedha na shaba kidogo, linaloyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Risasi ya 63/37, yaani bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia, inayeyuka kwenye 183. Kwa hiyo bodi sugu naiongezea risasi hiyo kwanza, mchanganyiko uyeyuke mapema, ndipo niitoe, wateja wanacheka.

Malizia kwa kusafisha na spiriti, kisha pima pini kwa pini na mita inayolia zikiwa zimeungana. Ikilia bado, tazama mchoro wa saketi kabla ya kurudia: pini nyingine zimeunganishwa makusudi.