Mwaka mzima, kumbe Pam kalala tu

Nimemaliza ile sizoni ya 1985-86 ya Dallas, ile tamthilia ya Marekani, na bado nina hasira, na sio zile hasira wanazokuwa nazo watu wote za eti kumbe ilikuwa ndoto, hiyo nilishaijua hata kabla sijaanza kuangalia, maana mtu akishasikia tu neno Dallas basi na habari ya Bobby bafuni ameshasimuliwa. Hasira zangu mimi ni za Sue Ellen. Na naona kama hakuna anayeziongelea ndo maana nimekaa naandika usiku huu badala ya kulala.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kwa kifupi sana: Dallas ilianza kwenye televisheni ya CBS Aprili 1978 ikaenda mpaka Mei 1991, ni ukoo wa Ewing, matajiri wa mafuta na ng'ombe huko Texas, wanaishi kwenye ranchi inaitwa Southfork. Kuna mzee Jock, kuna Miss Ellie mama mwenye nyumba, kuna J.R. mtoto mkubwa mwenye roho yake ile, kuna Bobby mdogo mwenye huruma, wa kati Gary alishakimbia zamani akaenda zake California. Kitu ambacho siku zote kinanichekesha ni kwamba hawa watu wana hela za kununua mji lakini mijanaume mizima na wake zao na watoto wao wote wanakaa kwa mama, asubuhi wanagombana mezani, mchana wanazungukana ofisini, jioni wanakutana tena sebuleni kwenye kabati la pombe na kila mtu anajimiminia whisky kana kwamba hakuna kilichotokea. J.R. kamdhulumu mtu mchana, usiku anamuuliza nikuwekee barafu.

Sasa Mei 1985 wakamuua Bobby. Patrick Duffy, anayemuigiza, alikuwa kaamua kuondoka, miaka saba imemtosha, basi ikabidi atafutiwe kifo. Pam, mkewe, alishaachana na Bobby, Bobby alikuwa amuoe Jenna, mpenzi wake wa zamani, mara akakaa usiku ule akagundua bado ni Pam tu, akalala kwa Pam, asubuhi anatoka nje ndo Katherine anakuja na gari. Katherine ni mdogo wake Pam kwa mama, kichaa cha mapenzi, amempenda shemeji yake mpaka akaona bora amuue dada. Gari lilikuwa limemlenga Pam, Bobby akamsukuma Pam pembeni likampata yeye. Hospitali pale familia yote imezunguka kitanda, J.R. analia, na mimi nikalia, na nilikuwa NAJUA kabisa kwamba atarudi. Hapo ujue wale watu walikuwa wanaigiza kweli.

Alafu ndo inaanza hii sizoni, Septemba ile ya 1985, na inaanza na mazishi. Mwanzo wake ni mzuri jamani, mzuri kuliko wanavyoisema. Watu wakisikia "sizoni ya ndoto" wanadhani ni takataka kuanzia juu hadi chini lakini zile episodi za kwanza ni za msiba, msiba wenyewe, sio wa kupiga kelele. J.R. anabaki kaburini baada ya wote kuondoka anaongea na mdogo wake, anamwambia yale ambayo hakuwahi kumwambia akiwa hai. Larry Hagman, anayemuigiza J.R., alikuwa anajulikana kwa lile tabasamu lake la kishetani, pale hana tabasamu hata moja. Na hazipiti siku nyingi anaanza kugombania hisa, maana Bobby sehemu yake ya Ewing Oil kamuachia mwanawe Christopher na mtoto ni mdogo kwahiyo anayeshika ni Pam, binti Barnes, damu ya maadui, kwenye kampuni ya baba yake J.R. Msiba haujapoa watu wameshaanza mali. Hilo halihitaji Texas kulielewa.

Ila mwenye hii sizoni ni Sue Ellen. Wengine wote wamemzunguka tu.

Huyu ni mke wa J.R., alikuwa mrembo wa taji la Texas, mume anamtembezea wanawake mbele ya macho, na yeye miaka yote ni mtu wa chupa, anaacha anarudia anaacha anarudia. Bobby akifa ndo anadondoka moja kwa moja. Na hawakumlegezea, hawakumfanya yule mlevi wa kwenye tamthilia anayelewa nywele zikiwa zimetengenezwa. Anapotea kwenye mitaa ya watu wasio na makazi, anakunywa na waokota chupa, mwisho anaokotwa na kupelekwa wodi ya walevi na hakuna pale anayejua kwamba yule mwanamke aliyelala ni mke wa J.R. Ewing. Linda Gray, anayemuigiza, usoni hana poda, macho yamevimba, mikono inatetemeka, unamuangalia unataka kugeuza uso. Mwanamke ambaye toka 1978 tumemuona na hereni na makoti ya manyoya. Alafu mume, badala ya kumuonea huruma, anaona hapo ndo pa kumfungia sanatoriamu mazima.

Na kutoka hapo ANATOKA. Pole pole, sio kwa episodi moja. Mama yake mzazi anarudi, mama ambaye ndo chanzo cha nusu ya matatizo yake, na wanaongea. Dusty, mpenzi wake wa zamani, anasimama naye. Anaanza kumpigania mwanawe John Ross. Anajifunza kukaa chumba kimoja na J.R. bila kutetemeka na bila glasi, na kila akipita karibu na lile kabati la sebuleni mimi nashika mto. Wiki baada ya wiki. Hii ni kazi ya mwaka mzima, episodi 31, na Linda Gray anaibeba kama mtu anayevuka mto na ndoo ya maji kichwani, hata tone halidondoki.

Pembeni yake kuna Ray, ndugu wa J.R. kwa baba, na mkewe Donna, na hawa nao wamenimaliza. Donna ana mimba, wanaambiwa mtoto ana Down syndrome, wanahangaika nalo, alafu mimba inatoka baada ya kuumizwa na fahali. Baadaye wanamchukua mtoto kiziwi anaitwa Tony, na Ray, mtu wa farasi asiyejua kuongea hisia hata na mkewe, anajifunza kuongea na mtoto kwa mikono. Kwa televisheni ya saa ya watu wengi mwaka 1985, kwenye tamthilia ya mafuta na whisky, kuweka kitu kama hicho sio mchezo.

Kwahiyo takataka iko wapi? Ipo. Inaitwa Angelica Nero. Barbara Carrera anaingia na kofia zake na meli za Kigiriki za Marinos na mpango wa kumuua J.R. na binamu yake Jack ambaye katokea tu hewani, na yale makoti ya mabega mapana, na watu wanaongea kwa kunong'ona utadhani ni filamu ya majasusi, na Pam anakwenda Colombia kutafuta zumaridi, Pam! zumaridi! na Mark Graison, mchumba wake Pam ambaye alishakufa, anarudi hajafa. Hapo walikuwa wanamkimbiza Dynasty, tamthilia nyingine ya matajiri. Mwaka wa kabla ya hapo Dynasty ndo ilikuwa namba moja Marekani na Dallas namba mbili, basi wakaona dawa ni kung'aa. Leonard Katzman, yule prodyuza aliyekuwa anaishika hadithi toka mwanzo, alikuwa ameondoka, aliyebaki juu ni Philip Capice, na unaiona kabisa tofauti, familia inapungua meza ya chakula inaongezeka meza ya bodi. Sizoni ikamaliza ya sita. Ya sita sio mbaya kwa mtu mwingine, kwa Dallas ni msiba wa pili.

Hagman ndo alimfuata Duffy akamuomba arudi. Katzman naye akarudishwa. Sasa shida ni moja, mtu kazikwa, watu wote wamemuona. Wangeweza kusema ni pacha, wangeweza kusema hakufa alifichwa, tamthilia ngapi zimefanya hivo. Wao wakaamua kufuta.

Mei 1986, Pam kaolewa na Mark, anaamka asubuhi, anasikia maji bafuni, anafungua mlango, ni Bobby, anageuka na sabuni, "good morning", imeisha. Ile sini walimrekodi Duffy peke yake, kwa siri, kwa kisingizio cha tangazo la sabuni, alafu wakaja kuiunga. Marekani nzima wakakaa miezi minne wanajiuliza yule bafuni ni nani. Septemba 26, 1986 jibu likaja: hakuna kilichotokea. Pam kalala usiku mmoja, ule ule usiku ambao Bobby alikuja, na yote yale kaota.

Sasa kaeni mnisikilize. Pam kaota vikao vya Marinos ambavyo hakuhudhuria. Kaota shemeji yake J.R. akiwa kitandani na Mandy hawara wake (huyu Pam naye ana ndoto za aina gani?). Kaota wodi ya walevi na sura za walevi mmoja mmoja. Na kuna moja ambalo nimelifikiria sana: kwenye ile sizoni ya kabla, Miss Ellie alikuwa anaigizwa na Donna Reed kwa sababu Barbara Bel Geddes alikuwa ameacha, alafu Bel Geddes akarudi mwanzoni mwa hii ya ndoto, Donna Reed wakampiga chini, akawashtaki, wakamlipa, na Januari 1986 maskini akafariki. Kwahiyo kwa hesabu ya hadithi yenyewe, Pam alilala mama mkwe akiwa na sura ya Donna Reed, akaota ana sura ya Barbara Bel Geddes, akaamka, na sura ya ndotoni imebaki. Kila kitu kimefutwa isipokuwa sura ya mama mkwe. Na hakuna mtu hata mmoja pale Southfork anayeshtuka.

Na Gary huko California kwenye Knots Landing yake, tamthilia iliyozaliwa na Dallas, alishamlilia mdogo wake Bobby, na wale hawakuifata hii habari ya ndoto kabisa. Texas Bobby anaoga, California bado marehemu. Haya.

Yote hayo nacheka tu. Kinachoniuma ni kwamba waliporudisha saa nyuma hawakufuta kifo peke yake, walifuta na kupona. Sue Ellen anarudishwa pale pale alipokuwa kabla ya gari la Katherine, kwa J.R., na pombe yake, na ule mwaka wote wa kujikokota kutoka wodini haujawahi kuwepo. Hajui kwamba aliweza! Sisi tunajua, yeye hajui. Tony hajawahi kuja nyumbani kwa Ray. J.R. hakuwahi kusimama kaburini akasema yale maneno, kwahiyo na yenyewe hayapo, Bobby yuko hai na kaka yake hajawahi kumwambia. Watu wanamshangilia Bobby, na mimi nilifurahi, Duffy ana uso wa kufurahisha, lakini nilikuwa nimekaa nafikiria huyu mwanamke kanyang'anywa mwaka wake ili shemeji aoge.

Na ukiangalia wale wengine, baada ya kufutwa hayo yote, walipata nini. Bobby na Pam wakaoana tena kweli, wakawa na sizoni moja, MOJA, alafu Mei 1987 Victoria Principal, anayemuigiza Pam, naye akaondoka, Pam akaingiza gari kwenye lori la mafuta likalipuka, akabaki amefungwa bandeji mwili mzima na baadaye kabisa akatoroka hospitali. Ray na Donna nao ndoa ikavunjika, Donna akahamia Washington.

Sue Ellen akaanza upya, safari hii macho wazi. Akanunua kampuni ya nguo za ndani za kike, akamchukua yule yule Mandy hawara wa mumewe akamuweka kwenye matangazo ya nguo hizo, picha kubwa, ili J.R. kila akigeuka amuone na asimpate. Nilisimama nikapiga makofi mwenyewe. Na 1989 akatengeneza sinema ya maisha ya J.R., akamkalisha akamuonyesha, akamwambia itakaa kabatini na siku yoyote akijisikia ataitoa, akaondoka zake. Bado sijafika huko, niko 1986, kesho naendelea, ila nimeshaichungulia hiyo sini ya mwisho na nimeiangalia zaidi ya mara moja.