Jigi Haivui Ikipanda, Inavua Ikishuka

Kijana aliyeniuzia fimbo ya kuvulia na rili kule mjini alinipa na darsa la bure la kuvua kwa jigi, chambo bandia kizito chenye umbo la samaki: "Tupa chini, ikigusa vuta kwa kasi, pampu, pampu, usipumzike." Darsa hilo limenitesa kuliko bei ya rili yenyewe, na rili ilinitoka laki mbili na ushee.

Nikaipeleka kwenye ukingo wa mwamba, kaskazini ya Nungwi, Unguja, kwa boti ya ami yangu. Kusi imeshika. Mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, lakini kusi ikivuma ndiyo unakimbia hasa. Ami katia nanga, mimi nikashusha kijigi cha gramu 80 kwa uzi mnene wa nailoni. Uzi ukaenda, ukaenda, wala sikusikia kugusa chini. Kumbe mkondo umeushika ule unene wote, umeutandaza mbali nyuma ya boti, na jigi iko katikati ya maji, haiwahusu chewa wala kungu. Nikapampu hivyo hivyo mpaka mabega yakawaka moto. Ami kakaa tezini na mshipi wake wa mkono, chubwi ya kuuzamisha na kipande cha ngisi, anapandisha changu mmoja baada ya mwingine, kimya. Mwisho akauliza:

"Mwanangu, unatwanga nini huko chini?"

Boti nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Kilichoniokoa ni uzi wa kusokotwa. Ni mwembamba, mkondo haupati pa kuushika, na haunyumbuki, kwa hiyo samaki akiigusa jigi mita 90 chini unamsikia kiganjani. Nunua ule wa rangi rangi, kila mita 10 rangi yake. Mimi nilidhani urembo. Hesabu rangi zinavyotoka: ukijua hapo ulipo jigi hugusa chini kwenye rangi ya tisa, halafu uzi ukalegea ghafla kwenye rangi ya nane, hapo hujafika chini, umeshaliwa. Zungusha rili upesi, mambo ya kuuliza baadaye.

Maana samaki wa chini huila jigi inaposhuka. Hili yule kijana hakuniambia. Mtindo wa polepole ninaovulia sasa umetoka Japani: jigi ikigusa chini inyanyue papo hapo, ukiichelewesha mwamba unaidai. Zungusha rili mara moja, fimbo ijipinde, ijinyooshe yenyewe, kisha tulia. Katika kule kutulia jigi inalala ubavu, inapepea ikishuka, na chewa anaona kibua anakata roho. Ndoana iwe juu ya jigi, imefungwa kwa kamba fupi ngumu. Ile ya pembe tatu ya mkiani ing'oe, inavua mawe tu.

Na nanga iache. Boti ielee na mkondo pamoja na uzi, usimame wima. Chagua maji mafu, mkondo ukiwa umepoa, kama unaweza. Bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, ni kujitafutia kazi.

Sasa jigi zenyewe. Dukani moja ni elfu thelathini na kitu, na mwamba hauna huruma. Nikaanza kuzimimina mwenyewe. Risasi naokota kwa mafundi wa matairi, vile vipande vya kubalansia magurudumu. Kalibu ndiyo iliyonisumbua: mchanga ulibomoka, udongo ulipasuka. Kisha nikakumbuka masonara hutumia ule mfupa mweupe wa dome, jamaa ya ngisi, na kwetu ufukweni umezagaa bure. Unapasua mfupa mkubwa, unausugua uwe bapa, unachimba kwa kijiko umbo la samaki, tumbo nene kuliko ncha ili jigi ilale vizuri ikizama. Waya wa chuma cha pua unapita katikati, kitanzi kila ncha. Mfupa uwe umeanikwa ukakauka kabisa. Risasi ya moto ikikuta unyevu inaruka, na haichagui jicho. Fanya nje, upepo ukupige mgongoni, na sufuria ya watu usiiguse, risasi ni sumu. Zangu zina gramu 250 hivi, sura mbaya, lakini hata elfu tano haifiki.

Chewa akishika, pima mbili tatu za mwanzo ndizo vita yenyewe, ataka kuingia pangoni. Akikuwahi akaingia, usimvute. Legeza uzi, kaa, zungumza na watu. Mara nyingi hutoka mwenyewe.

Ami kanichukulia jigi mbili, kazifunga kwenye mshipi wake wa mkono, fimbo hataki kuisikia. "Chubwi yako si mbaya," kaniambia, boti imejaa kungu. Zote mbili zimebaki mwambani, na jana kamtuma kijana aje achukue nyingine.